Blanketi la Bi Redio

Mtaani kwake walimwita Bi Redio, ingawa redio hakuwa nayo. Yake ilikufa zamani na hakuna aliyeona haja ya kuipeleka kwa fundi, maana mwenyewe akiamka tu, matangazo yanaanza: nani kaanika nguo bila kuzikamua, nani kapaka ukuta rangi ya kutia kichefuchefu, mtoto wa nani anapelekwa shule na soksi mbili zisizojuana. Hakuwa msengenyaji, hilo tumtendee haki. Msengenyaji hungoja ugeuze mgongo. Bi Redio alikuambia usoni, kwa sauti ya kutosha majirani nao wafaidi, kisha akakukaribisha chai.

Kazi yake ya kwanza ndiyo iliyomharibu. Alikuwa msusi kwa miaka mingi, na saluni ni mahali ambapo maoni ni sehemu ya huduma. Mteja ameketi, kichwa kimeshikwa, hana pa kukimbilia. Anasukwa nywele huku akishauriwa juu ya mume, mama mkwe, shamba la urithi na tumbo la kujaa gesi. Wengine walirudi kwa ajili ya ushauri kuliko nywele. Tatizo ni kwamba huduma hiyo aliipeleka mpaka nyumbani. Alikuwa na wana wawili, wote wameoa, na wake zao wote wawili walikuwa wameacha kupokea simu zake. Mmoja alimwambia kwamba mtoto anavishwa tabaka kwa tabaka utadhani kitunguu. Mwingine wala hakumwambia kitu kibaya. Alimwelekeza tu, mbele ya wageni wake, namna sufuria inavyosuguliwa ikatakata. Wana wenyewe walipiga simu mara mojamoja na kuomba kuzungumza na baba.

Baba huyo, Mzee wake, alikuwa dereva wa lori mstaafu. Injini ilimla sikio la kulia. Mezani alikaa akimgeuzia mkewe hilo la kulia, na ndoa yao ilikuwa na amani kupita nyingi pale mtaani.

Miguu ya Bi Redio ilipoanza kuvimba, daktari akamkataza kazi ya kusimama. Akakaa nyumbani wiki chache, Mzee akakonda. Ndipo mteja wake wa zamani, afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mwembamba wa sauti ya chini, akamletea habari. Afisa alikuwa anaendesha nyumba ya wasichana wajawazito ambao bado hawajajua watamlea mtoto wenyewe au watampa watu wengine wamlee. Alitafuta mtu mzima wa kukaa nao: kuwapeleka kliniki, kuketi nao kwenye foleni, kushikwa mkono siku ya uchungu, na kuwa karibu mpaka siku ya uamuzi. Mwenye kazi hiyo wasichana humwita Shangazi.

"Sharti ni moja tu," Afisa alisema. "Shangazi hana maoni."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu mtoto. Akae naye au ampe, anaamua binti mwenyewe. Wewe humsukumi huku wala kule."

"Hata kidogo?"

"Hata kwa nyusi."

Bi Redio akakubali palepale, kama mtu anayeapa kuacha sukari huku kijiko kikiwa bado mdomoni.

Haukupita muda akateleza. Msichana mmoja alimwonyesha mtoto aliyezaliwa asubuhi ile, na Bi Redio, kwa nia safi kabisa, akasema, "Hii pua ya kwenu hii, haijakosea hata tundu." Yule binti alilia mpaka jioni na kubadili uamuzi mara mbili. Mara nyingine Bi Redio alirudi kutoka nyumbani kwa watu waliokuwa wanasubiri kupewa mtoto, akaketi jikoni na kusifu mapazia yao. Afisa akamwita ofisini.

"Mapazia ni maoni," Afisa alisema.

"Mapazia ni mapazia!"

"Mama, ukisifu mapazia ya watu mbele ya binti ambaye kwao wanaziba dirisha kwa gunia, umeshampigia kura."

Hapo Bi Redio alikosa la kusema, na ni tukio ambalo Mzee alisimulia kwa marafiki zake. Afisa akaongeza kwamba ikitokea tena, itabidi waagane, tena akasema hivyo kwa upole, na upole ulimuuma Bi Redio kuliko ukali. Alikuwa ameipenda ile kazi. Wale wasichana walipokea simu zake.

Kisha Afisa akafungua droo na kumpa sindano mbili za kufumia na bonge la uzi wa sufu. "Neno likikujia, usiliseme. Fuma safu moja."

Kusuka Bi Redio alijua, kufuma hakujua. Lakini alijikaza kisabuni, akajifunza, na ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile: kila mtoto anayezaliwa pale huondoka na kitu kilichofumwa na Shangazi, na ukubwa wake hutegemea Shangazi amemeza maneno mangapi. Msichana aliyejua anachotaka tangu mwanzo alipata kikofia kidogo cha kupendeza. Yule ambaye bwana wake alikuja kila siku na miwani ya jua, akikaa sebuleni nayo usoni, mwanawe alipata sweta ambalo mkono mmoja ulifika magotini. Afisa alijifunza kupita na kukitazama kinachofumwa kwanza kabla hajauliza hali za watu.

Ndipo akaja Kipa.

Jina hilo alikuja nalo kutoka chuo cha ufundi, alikokuwa mlinda mlango wa timu ya wasichana. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu wa kuinamia milango, na alikuwa anasomea umeme wa majumbani. Aliyempa mimba alisoma naye darasa moja. Aliposikia habari aliyeyuka, na hadi leo hakuna anayejua alikomwagikia. Kipa hakumlilia. Hakulia kwa jambo lolote. Ukimuuliza kitu alijibu "sijui," na ukimuuliza tena alikuwa ameshachukua bisibisi na kwenda kutengeneza kitu. Katika wiki zake za kwanza alitengeneza kengele ya mlangoni, feni ya Afisa na jiko la umeme ambalo watu walikuwa wamezoea kulipiga teke ndipo liwake. Baada ya hapo wakaendelea kulipiga teke kwa mazoea, na Kipa akaendelea kulitengeneza.

Bi Redio alimpokea kwa matangazo kamili. Alimsema viatu vyake, raba za rangi ya chungwa zisizofungwa kamba. Alimsema anavyotembea, anavyokunywa chai ya moto bila kuipoza, anavyolala kitandani kwa mshazari. Hayo yote yaliruhusiwa, kwa kuwa hayakumhusu mtoto. Wakiwa kwenye foleni ya kliniki alimsuka nywele na kumsema mpaka wauguzi wakawa wanachelewesha foleni ili wasikie mwisho. Kipa alisikiliza yote bila kujibu. Lakini siku ambayo Bi Redio alibaki nyumbani na miguu yake, Kipa alikwenda kliniki peke yake, akarudi na kumuuliza, "Leo hakuna la kunisema?"

Afisa alimletea Kipa habari za watu kadhaa waliotaka kulea, naye Kipa akachagua kukutana na wawili: fundi baiskeli na mkewe aliyefanya kazi maktaba. Walikuja siku ya mvua. Fundi baiskeli alikuwa na hofu kiasi kwamba alimsalimia Bi Redio shikamoo mara mbili, akamsalimia na paka, kisha akaketi kwenye kiti chenye ufumaji wa Bi Redio na kuinuka haraka kuliko alivyoketi. Mkewe alimtoa sindano kwenye suruali bila kusema neno. Kipa aliwatazama.

"Redio ikiharibika nyumbani kwenu mnafanya nini?"

Mume na mke wakatazamana. Walikuwa wamejiandaa kuulizwa juu ya dini, shule na upendo.

"Naifungua," fundi baiskeli akasema. "Halafu naiharibu zaidi. Halafu mke wangu anaita mtu anayejua."

"Kila mara?"

"Kila mara," mkewe akajibu.

Kipa akaitikia kwa kichwa polepole. Walipoondoka alisema, "Wale wanafaa. Nadhani nitawapa," na hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizokuwa amesema tangu afike. Bi Redio akafungua mdomo. Akaufunga. Akachukua uzi, akaanzisha blanketi.

Ni lazima tuseme wazi maoni ya Bi Redio yalikuwa nini, kwa kuwa mwenyewe hakuruhusiwa. Yalikuwa mawili na yalimtesa. Asubuhi, akimwona Kipa anaimba kimyakimya huku anakaza skrubu, tumbo likigusa meza, alitaka kwa moyo wote binti akae na mwanawe. Mchana, akimwona amesinzia juu ya kitabu cha umeme, mwaka mmoja tu kabla ya kumaliza chuo, alitaka kwa moyo uleule awape wale watu wa baiskeli. Jioni, akienda kwake, alitaka kumchukua mtoto yeye mwenyewe, na huo ulikuwa wazimu mtupu. Kila fikira ilikuwa safu. Blanketi likapita urefu wa mtoto, likapita urefu wa kitanda cha mtoto.

Kisha mama yake Kipa akaja. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kuhema, na alianza kusema kabla hajavuka kizingiti.

"Damu haigawiwi kama nguo za mtumba! Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Utampa mtu wa baiskeli mjukuu wangu?"

Kipa akasema hajui.

"Mlete nyumbani!" Mama akaketi, akajipepea na kanga, na akili ikamfikia taratibu. "Ingawa sijui nitamweka wapi. Dada yako kanibwagia mapacha kaenda zake kutafuta maisha, mmoja anakula udongo, mwingine anamlisha. Mgongo wangu huu si wangu tena. Mlete, lakini nakuambia ukweli, atalala juu ya kabati." Akamgeukia Bi Redio. "Mama mwenzangu, wewe ni mtu mzima, umekula chumvi nyingi. Unasemaje?"

Bi Redio alitaka kusema kwamba mama yule ana haki kabisa. Alitaka pia kusema kwamba hana haki hata chembe. Sindano zilienda mbio mpaka zikalia. Kipa alikuwa amesimama mlangoni akimtazama bila kupepesa macho, kama anavyomtazama mtu anayekuja kupiga penalti.

"Chai yako inapoa," Bi Redio akasema.

Mama akanywa chai. Kipa akaondoka mlangoni, na siku hiyo hakutengeneza kitu.

Mtoto alizaliwa mchana kweupe, wa kiume, mwenye mapafu ya mnadi. Kipa hakupiga kelele hata mara moja. Alimkamata Bi Redio mkono, na aliyepiga kelele ni Bi Redio. Mkunga alitishia kumtoa nje. Mtoto alipowekwa kifuani pa mama yake alinyamaza, akafungua jicho moja, akalifunga. Mkunga akacheka. Bi Redio alikuwa na maneno ya kujaza gazeti juu ya jicho lile, lakini mkono wake ulikuwa umekufa ganzi na hakuweza kufuma, kwa hiyo aliuma midomo mpaka ikavimba.

Katika nyumba ile, msichana akitoka hospitali hukaa na mtoto wake katika chumba cha mwisho wa ukumbi kwa siku kadhaa. Hakuna mgeni, hakuna mzazi, hakuna watu wa baiskeli. Siku zikitimia Afisa huingia, hufunga mlango, na humuuliza swali moja: "Unataka nini?" Mpaka hapo hakuna kilichoamuliwa, hata kama uliahidi mbinguni na duniani. Mwenye ruhusa ya kuingia na kutoka katika siku hizo ni Shangazi peke yake.

Bi Redio aliziogopa siku zile kuliko msichana yeyote. Alijua akifungua mdomo hata kidogo, utamtoka mto mzima. Mdomo ulikwishamponza kwa wake wa wanawe. Hakutaka umponze na kwa binti huyu. Basi akaamua kunyamaza, na akanyamaza kama afanyavyo kila jambo, yaani kwa kupitiliza. Mtoto akipiga chafya, hakusema kitu. Mtoto akikamata kidole chake na kukataa kukiachia, alikitoa, akaenda kukaa dirishani na kufuma.

"Shangazi, unaona anatabasamu?"

"Maziwa yako jikoni."

"Shangazi, ni mzuri?"

"Daktari amesema uzito wake uko sawa."

Akaacha kumsema viatu. Akaacha kumsema chai. Aliogopa kwamba ukianza na viatu utaishia kwa mtoto. Blanketi likawa linamwangukia magotini, linajikunja sakafuni, na paka akahamia humo.

Nyumbani kimya hicho kikamfuata. Alikula akainuka, alilala akaamka. Mwishowe Mzee aligeuza kiti mezani, akamwelekezea sikio la kushoto, lile zima.

"Bado sisikii kitu," alisema. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Mke wangu, ukinisema, najua kosa langu ni kijiko au ni viatu mlangoni. Ukininyamazia hivi, nahisi nimekosa yote tangu nilipozaliwa. Nyumba inanitisha."

"Nimechoka tu," Bi Redio akasema, na hakulitia maanani. Angelitia maanani usiku uleule, angejiokoa na mengi.

Siku moja kabla ya swali la Afisa, aliingia chumbani baada ya chakula cha mchana na kukuta mfuko wa Kipa umefungwa. Kipa ameketi kitandani, pasi ya nyumba imefumuliwa yote mbele yake, skrubu ziko kwenye kisosi. Mtoto amelala pembeni.

"Nimeamua," Kipa alisema. "Namchukua. Naenda naye kwetu."

Moyo wa Bi Redio uliruka juu, ukakutana na ule mwingine ukishuka. Akatafuta sindano.

"Ziweke chini hizo sindano, Shangazi."

Akaziweka.

"Najua unachofikiri," Kipa akasema. Bisibisi yake ilikuwa inagongagonga kisosi. "Wewe humu ukipita hata paka anapewa ushauri. Nilipokuja ulinisema kila kitu. Viatu, chai, kutembea. Nikajiambia, huyu mtu ananijali, maana kwetu hakuna anayeona nikitembea vizuri wala vibaya. Halafu nikasema nitampa mtoto, ukanyamaza. Mama akakuuliza, ukamwambia chai inapoa. Nimekuuliza kama ni mzuri, umenitajia uzito. Hata akipiga chafya humpi pole. Unaniona sina moyo. Haya, basi, namchukua. Atalala juu ya kabati. Ufurahi."

Bi Redio aliketi kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza maishani alisikia maneno ya mumewe siku moja baada ya kusemwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Alikuwa ameisikia methali hiyo tangu utotoni na kuirusha kwa wateja saluni, na hakuwahi kudhani itamrudia. Alikuwa amejiziba mdomo asimsukume binti, na kumbe huko kujiziba ndiko kulikomsukuma mpaka mlangoni na mfuko mkononi. Aliona aibu. Pia aliogopa kazi yake, hilo nalo tuliseme, lakini si kwa muda mrefu.

"Sikiliza, mwanangu. Nitaongea, na Afisa akinifukuza nitafukuzwa nikiwa nimepumua. Kwanza, huyu mtoto ni mzuri. Mzuri mpaka ananikera. Tangu azaliwe nalala nikiliona lile jicho lake moja. Hilo wala si maoni, hata Afisa ana macho. Pili, asiye na moyo hafumui pasi nzima ili mikono isitetemeke, tena pasi yenyewe ilikuwa nzima, niliitumia asubuhi."

Kipa akaitazama pasi. "Nilikuwa naikagua," alisema.

"Unakagua! Tatu. Kuhusu kumpa au kukaa naye, maoni ninayo. Unayaona yale?" Akaonyesha blanketi, na paka juu yake. "Yale yote ni maneno niliyoyameza, na leo huyapati. Si kwa sababu nakudharau. Nikiyasema utayabeba wewe, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nitalala usingizi, wewe utaishi nayo. Kesho ukishajibu, jibu lolote, niulize. Nitakuambia yote mpaka uombe maji. Lakini leo nakuahidi kitu kimoja. Kesho ukitoka chumba hiki na mtoto, mfuko wako nabeba mimi. Ukitoka bila mtoto, nakubeba wewe."

Kipa alimpima kwa macho, kutoka kilemba mpaka miguu iliyovimba.

"Hutaweza."

"Hilo ni maoni yako."

Mtoto akapiga chafya. "Pole, baba," Bi Redio akasema, na akaisema mara tatu zaidi, akilipa zile zilizopita. Kipa akaanza kurudisha skrubu. Hakuna aliyeugusa mfuko. Jioni hiyo Mzee aliambiwa kwamba amevaa shati nje ndani, akashukuru.

Asubuhi Afisa alikuta Bi Redio anamsubiri ukumbini.

"Jana niliongea," Bi Redio alisema kabla hajaulizwa.

Afisa akafumba macho. "Ulisema nini?"

"Nilisema mtoto ni mzuri. Na kwamba mengine atayapata akishajibu."

Afisa akalitazama blanketi, ambalo lilikuwa limekunjwa mara nne na bado lilimfika Bi Redio kidevuni. "Na hilo?"

"Hilo ndilo ambalo sikulisema."

Afisa akaligusa pindo, kisha akaingia chumbani na kufunga mlango. Bi Redio alisimama nje kwa miguu ambayo daktari aliikataza kusimama. Hakufuma. Uzi ulikuwa umekwisha.

Mlango ulipofunguliwa alitoka Kipa, mtoto mkononi.

"Waitwe watu wa baiskeli," alisema. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa yake. "Na si kwa sababu ya mama, si kwa sababu yako, si kwa sababu ya kabati. Nimejiuliza mimi."

Walikuja wakiwa wamevaa nguo za harusi ya mtu mwingine. Walipatana mbele ya Afisa kwamba Kipa atapata picha, na kwamba mtoto ataletwa amwone, hapo hapo sebuleni, kila mwaka na hata akikua, na mkewe fundi baiskeli ndiye aliyetaka hilo lisemwe mara mbili. Kisha Kipa akamviringisha mwanawe katika blanketi. Akaviringisha, akaviringisha, na bado kipande kirefu kilibaki kinaning'inia mpaka sakafuni.

"Hili lilifumwa kwa watoto wangapi?" fundi baiskeli akauliza.

"Mmoja," Kipa alisema. "Usilikate." Akamwinamia mtoto, akamwambia kitu ambacho hakimhusu mtu mwingine, akamweka mikononi mwa mke wa fundi baiskeli. Halafu akamtazama fundi baiskeli. "Akilia usimfungue. Muulize mkeo kwanza."

"Nitamuuliza," yule bwana akasema, naye akalia yeye kabla ya mtoto. Wakaondoka, mke mbele na mtoto, mume nyuma ameshika mkia wa blanketi usiguse tope.

Kipa akatoka, akashuka ngazi ya kwanza ya baraza na kushindwa ya pili. Akaketi. Bi Redio akaketi kando yake.

"Shangazi, uliahidi. Nimeshajibu. Niambie sasa."

Bi Redio akafungua mdomo. Alikuwa ameisubiri saa hii kwa miezi. Akatafuta maoni ya asubuhi, akatafuta ya mchana, akatafuta hata yale ya jioni ya wazimu. Akaona kule barabarani mkia wa blanketi unakata kona.

"Yameondoka," alisema.

"Yote?"

"Yote. Yule bwana kayashika mkononi."

Kipa akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, na katikati yake kikageuka, akamwangukia Bi Redio begani na kulia kilio cha miezi yote ile, mwili mrefu wote umejikunja kwenye mapaja ya mwanamke mfupi. Bi Redio alimshika. Miguu ilimuuma, akalia naye, na hakutafuta neno la kumwambia, kwa kuwa halikuwepo.

Baadaye Kipa akajifuta uso kwa kiganja na kutaka kuinuka. Kamba za zile raba za rangi ya chungwa zilikuwa wazi kama kawaida. Akajaribu kuinama, mshono wa kujifungua ukamkataza. Bi Redio akashuka chini, goti moja, halafu la pili, akaanza kuzifunga.

"Ona hivi viatu," alisema huku akivuta kamba. "Rangi gani hii? Aliyekuuzia alikuwa na macho? Na kamba zenyewe ndefu hivi, unataka kuanika nguo? Nimekuambia tangu siku ya kwanza, mtu mrefu akianguka anaanguka mara mbili..."

Akasita, akainua uso kumtazama, asije akawa amezidisha.

"Endelea," Kipa akasema.